Hija ya Wapagazi

Watu wengi wanaoisifu njia kuu ya misafara hawajapata kuikanyaga. Huisoma vitabuni, huichora ramanini kwa mstari mmoja kutoka Bagamoyo hadi Ujiji, kisha hudhani kuwa wameimaliza. Mwaka 2006 njia hiyo iliingizwa katika orodha ya awali ya Urithi wa Dunia, ikatajwa kwa vituo sita: Bagamoyo, Mamboya, Mpwapwa, Kilimatinde, Kwihara na Ujiji. Tawi la kaskazini, lililotoka Unyanyembe likapita nchi yetu ya Msalala, ambamo Isaka imo leo, hata likafika ziwani, halikupewa kituo hata kimoja. Nasema kuwa huo ni upungufu, na dawa yake haitapatikana ofisini kabla ya kutafutwa kwa miguu.

Tawi hilo si dogo kwa heshima. Mwezi wa Julai 1858 John Hanning Speke aliondoka Kaze, karibu na Tabora, akafika ziwani tarehe 3 Agosti. Vitabu humpa yeye sifa yote. Lakini pamoja naye alikuwa Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyeuzwa utumwani utotoni, akapelekwa India, akarudi. Na pamoja nao walikuwa wapagazi waliobeba riziki ya msafara. Ziwa lilipewa jina la malkia. Wapagazi hawakupewa hata jiwe. Mtu aendaye njia hii kwa ajili ya Speke amekwenda bure. Anayestahili kuzuriwa ni mpagazi, aliyekwenda mwezi baada ya mwezi na mzigo wa ratili 60 au zaidi begani.

Wako wanaopinga wakisema kuwa hija ni ya Maka, au ya Namugongo, ambako Wakristo wa nchi hizi huenda kwa miguu kila mwaka kwa sikukuu ya tarehe 3 Juni. Ama njia ya pembe na utumwa haistahili jina hilo. Hoja hii ina uzito, wala siipuuzi. Ni kweli kuwa watumwa walipita katika njia za misafara, na machozi yao yalimwagika humo. Lakini Namugongo nako ni mahali pa mauaji. Waendao kule hawaendi kuwatukuza wauaji. Huenda kuwakumbuka waliouawa. Tena wapagazi wengi wa Unyamwezi walikuwa watu huru waliobeba kwa ujira, wakajivunia kazi yao. Anayewaita wote watumwa huwanyang'anya kwa kalamu uhuru waliokuwa nao.

Wengine husema kuwa kwenda kwa miguu ni alama ya ufukara. Reli ya Tabora na Mwanza ilikamilika 1928; ujenzi wa reli mpya ya kilometa 341 kati ya Mwanza na Isaka ulianza 2021; basi mguu wa nini? Mimi siipingi reli, maana imetulisha. Lakini aliye dirishani huona miti ikikimbia tu. Atembeaye mwendo wa siku moja, tangu alfajiri hata jua likali, kama walivyofanya wapagazi, huona mahali malisho yanapokoma na ngitili inapoanza, naye hulazimika kuuliza ni nani aliyeuweka mpaka ule.

Jibu lake ni historia yetu wenyewe. Tangu miaka ya 1920 miti ya Shinyanga ilikatwa na serikali ya kikoloni ili mbung'o waangamie. Baadaye mashamba ya pamba, mifugo na kuni vikamaliza mabaki, hata nchi ikaitwa jangwa. Mwaka 1986 ulianzishwa mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, yaani HASHI, ukajengwa juu ya desturi ya wazee ya ngitili: kutenga majani na miti kwa ajili ya kiangazi. Mwanzoni ngitili zilihesabiwa kuwa kama hekta 600. Mwanzoni mwa karne hii zilikadiriwa kuzidi hekta 300,000. Kivuli anachopumzikia msafiri leo ni kazi ya mikono ya watu ambao, kama wapagazi, majina yao hayakuandikwa. Nacho kina adui: tanuri la mkaa, shamba jipya, na tamaa ya dhahabu. Ni vigumu mtu kuutetea msitu ambao hakuujua.

Wataalamu watauliza njia yenyewe ilipita wapi hasa. Haikuwa uzi mmoja. Ilihama kwa kufuata maji, na kwa kukwepa vita na hongo. Ndiyo sababu ramani peke yake haitoshi, na mzee ajuaye kisima cha zamani ni mwalimu.

Basi nadai mambo mawili. Vyuo vyetu vikuu vipeleke wanafunzi wa historia na wa Kiswahili kila kiangazi watembee angalau mwendo wa siku moja pande za Isaka, pamoja na wazee, wakiandika majina ya visima, ya miti na ya kambi. Na wenye mamlaka, wakiishapokea daftari hizo, waliongeze tawi la kaskazini katika orodha ya 2006. Mwacha asili ni mtumwa, walisema wahenga. Wazee wajuao majina hayo wanapungua mwaka hata mwaka, wala hakuna reli itakayotuletea majina hayo wakiisha kuondoka.