Mwanagenzi si Mchukuzi



Leo tuzungumze juu ya kazi ya fundi wa simu na mtandao. Tuzungumze pia juu ya vijana wetu wanaotaka kujifunza kazi hiyo. Kijana anayejifunza kazi kwa fundi huitwa mwanagenzi. Mafunzo yake huitwa uanagenzi.

Mimi ni afisa wa elimu ya watu wazima. Si fundi wa simu. Lakini katika madarasa yetu wazazi huniuliza mara nyingi, "Je, nimpeleke mwanangu kwa fundi?" Jibu langu ni hili: Mpeleke, lakini mapatano yaandikwe. Usimtoe kijana wako kwa neno la mdomo tu. Nitaeleza kwa nini.

KAZI HII IMETUFIKIA

Zamani simu ilikuwa kitu cha mjini. Mwanakijiji aliyetaka kupiga simu alisafiri mpaka posta. Wakati wa Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kwanza, kazi za posta na simu zilifanywa na shirika moja la Kenya, Uganda na Tanzania. Jumuiya hiyo ilivunjika mwaka 1977. Tanzania ikaunda shirika lake. Mwaka 1994 kazi za posta na kazi za simu zikatenganishwa.

Siku hizi mambo yamebadilika. Minara ya simu imesimama vilimani. Mkulima hupokea fedha za mazao yake kwa simu. Zahanati na shule hutuma taarifa zao kwa mtandao. Mwaka 2009 waya wa SEACOM ulifika Dar es Salaam kwa kupita chini ya bahari. Mwaka 2010 ukafuata waya wa EASSy. Ndani ya nchi upo Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano. Mkongo ni waya mnene wenye nyuzi za kioo ndani yake. Nyuzi hizo hupitisha habari kwa mwanga.

Tarehe 12 Mei 2024 waya wa SEACOM na waya wa EASSy zilikatika baharini, upande wa kusini, mbali na kwetu. Hata hivyo, intaneti ya hapa Tanzania ilidhoofika sana. Watu wengi walishindwa kufanya kazi zao. Hapo tulijifunza ya kwamba simu haisemi kwa hewa tupu. Nyuma ya simu ipo mitambo. Nyuma ya mitambo wapo mafundi.

Mitambo ya kijijini pia huharibika. Mara nyingi fundi hutoka mbali, na watu humngoja. Wahenga walisema, "Fimbo ya mbali haiui nyoka." Kwa hiyo yafaa vijana wa vijijini wajifunze kazi hii, wavulana na wasichana. Kazi yenyewe haichagui mume wala mke. Inataka akili, uangalifu na mkono uliotulia.

FUNDI HUYU HUFANYA NINI?

Watu wengine hudhani kazi hii ni kuvuta waya tu. Sivyo. Tutazame mifano michache.

Mfano wa kwanza ni waya wa mtandao wa ofisini au shuleni. Ndani yake zipo nyaya ndogo 8, zimesokotwa mbilimbili. Kila moja ina rangi yake. Fundi huzipanga kwa utaratibu maalumu, kisha huzibana katika kichwa cha waya. Akikosea rangi moja, mtandao unaweza kukataa. Tena waya huo usizidi meta 100 kutoka chombo kimoja mpaka kingine. Ukizidi hapo, habari hufika zimeharibika au hazifiki kabisa.

Mfano wa pili ni uzi wa kioo wa mkongo. Uzi huo ni mwembamba karibu kama unywele. Ukikatika, fundi husafisha ncha mbili, huzikata sawasawa, kisha huziyeyusha na kuziunganisha kwa mashine. Vumbi kidogo tu huharibu kazi. Hata uzi mzima ukikunjwa kona kali, mwanga humwagika njiani.

Mfano wa tatu ni mnara. Mnara unahitaji umeme usiku na mchana. Fundi huangalia betri, sola au jenereta. Huangalia pia waya unaopeleka nguvu za radi ardhini.

Kazi hii ina hatari zake. Mtu huweza kuanguka kutoka juu. Umeme huua. Mwanga wa mkongo hauonekani kwa macho, lakini unaweza kudhuru jicho la mtu anayechungulia ndani ya uzi. Vipande vya kioo huingia katika ngozi, na ni vigumu kuvitoa. Kwa hiyo mtu hawezi kujifunza kazi hii kwa kubahatisha. Lazima afundishwe, hatua kwa hatua.

VIJANA WAWILI

Tuchukue mfano wa vijana wawili. Wote wamepelekwa kwa mafundi, kila mmoja kwa fundi wake.

Kijana wa kwanza hubeba ngazi. Huchimba mitaro ya kulaza waya. Hufagia duka na kununua chai. Fundi anapofungua mashine, kijana huyu hutumwa dukani. Miaka miwili inapita. Ana mikono migumu, lakini hajui kuunganisha hata uzi mmoja.

Kijana wa pili naye hubeba ngazi na kuchimba mitaro. Lakini kila juma hufundishwa jambo moja. Mwezi wa kwanza hujifunza majina ya vifaa na kanuni za usalama. Baadaye hupanga rangi za waya. Kisha hupima, huunganisha, hutafuta kosa. Fundi husimama kando akimtazama. Baada ya miaka miwili anaweza kufanya kazi nyingi peke yake.

Kijana wa pili ni mwanagenzi. Wa kwanza ni mchukuzi, tena mchukuzi asiye na mshahara. Lakini siku walipoondoka nyumbani, wazazi wao walisema neno lile lile, "Mwanangu amekwenda kujifunza ufundi."

Mzazi atatambuaje mapema? Atatambua kwa mapatano.

SOMA KABLA YA KUTIA SAINI

Siku moja mzazi mmoja alileta karatasi darasani kwetu. Ilikuwa karatasi ya mapatano ya kijana wake. Tuliisoma pamoja, polepole. Ilisema kijana atafanya kazi zote atakazopewa kwa miaka mitatu. Ilisema asipomaliza, mzazi atalipa gharama. Tulitafuta neno "kufundishwa". Hatukuliona hata mara moja. Mzazi yule hakutia saini. Alirudi kwa fundi kuzungumza upya.

Hapo ndipo tunapoona manufaa ya kisomo. Zamani wengi walitia dole gumba katika karatasi wasiyoijua. Wewe sasa unaweza kusoma. Basi soma kila mstari. Mtu akikuharakisha, mwambie, "Nitaisoma kwanza nyumbani."

Mapatano mazuri yaeleze mambo haya:

1. Majina ya fundi, ya mwanagenzi na ya mzazi.
2. Tarehe ya kuanza na tarehe ya kumaliza.
3. Kazi atakazofundishwa, moja moja, na wakati wa kila kazi.
4. Fedha. Nani anamlipa nani, kiasi gani, na lini? Chakula na nauli ni juu ya nani?
5. Vifaa. Kikiharibika kifaa, itakuwaje?
6. Usalama. Nani atatoa kofia ngumu, glavu, miwani na mkanda wa kupandia mnara? Kijana akiumia, nani atamtibu?
7. Mwisho wa mafunzo. Nani atampima, na atapewa karatasi gani?
8. Njia ya kuvunja mapatano kama upande mmoja hautimizi ahadi.

Andikeni nakala mbili au tatu. Wekeni mashahidi. Mnaweza pia kumwonyesha Afisa Mtendaji wa Kijiji.

Kumbuka umri pia. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza kumwajiri mtoto wa chini ya miaka 18 katika kazi za hatari. Kupanda mnara ni kazi ya hatari. Mtoto asipandishwe, hata kama mwenyewe anataka.

WAPO WANAOPINGA

Baadhi ya mafundi husema, "Mimi nilijifunza bila karatasi. Kwa nini leo tuandikiane? Je, hamniamini?" Tuwajibu kwa heshima. Kuandikiana si kutukanana. Karatasi humlinda fundi pia. Mashine ya kuunganishia mkongo ina thamani ya mamilioni ya shilingi. Kijana akiichezea na kuiharibu, fundi hupata hasara kubwa. Kijana akikimbia baada ya miezi mitatu, muda wa fundi umepotea bure. Mapatano humwezesha fundi kudai haki yake.

Wengine husema, "Nikimfundisha upesi, kesho atakuwa mshindani wangu." Hofu hiyo naielewa. Fundi naye ana watoto wa kulisha. Ndiyo maana mapatano huweka muda. Mwaka wa kwanza kijana hujifunza zaidi kuliko anavyozalisha. Mwaka wa pili kazi yake humrudishia fundi faida. Kila mmoja apate sehemu yake. Lakini kumficha kijana ujuzi ili abaki mtumishi, hiyo si haki.

Wapo pia wazazi wanaosema, "Afadhali chuo kuliko fundi." Chuo ni kizuri. Mamlaka ya VETA iliundwa kwa sheria ya mwaka 1994, nayo hutoa mafunzo ya ufundi nchini. Anayeweza kwenda chuo, aende. Lakini si kila mzazi ana karo na nauli, na si kila chuo kina fani hii. Tena anayetoka chuoni naye anahitaji kufanya kazi chini ya fundi mzoefu. Uanagenzi na chuo ni kama jembe na mpini. Pia VETA huwapima watu waliojifunza baadhi ya kazi nje ya chuo, na kuwapa vyeti. Nenda chuo kilicho karibu nawe, uulize kama kazi ya kijana wako imo.

DAFTARI LA MWANAGENZI

Neno langu la mwisho ni kwa kijana mwenyewe. Nunua daftari. Kila jioni andika tarehe, kazi uliyofanya, kosa mlilolikuta na namna mlivyolitengeneza. Chora mpangilio wa rangi za waya. Andika vipimo. Fundi akikubali, atie saini kila mwisho wa juma.

Daftari hilo litakusaidia kukumbuka. Litakuwa pia shahidi wako. Ukienda kuomba kazi, utaonyesha uliyoyafanya. Na kama miezi sita imepita nawe umeandika tu "kubeba ngazi, kuchimba mtaro", mzazi wako ataona ya kwamba mapatano hayafuatwi. Ataweza kwenda kumwuliza fundi mapema, kabla miaka haijapotea. Wenye biashara husema, "Mali bila daftari hupotea bila habari." Na muda wa kijana ni mali.

Wazazi, someni daftari hilo kila kijana anaporudi nyumbani. Mkiona neno msilolijua, mwulizeni maana yake. Akiweza kuwaeleza vizuri, basi amejifunza.

MASWALI YA KUJADILIANA DARASANI

1. Katika kijiji chetu, ni nani anayetengeneza mitambo ya simu ikiharibika? Hutoka wapi?
2. Kuna tofauti gani kati ya mwanagenzi na mchukuzi?
3. Kwa nini mapatano ya maandishi humfaa fundi pia?
4. Je, wasichana wa kijiji chetu hupelekwa kujifunza ufundi? Kama sivyo, ni kwa nini?
5. Gawanyikeni watu watatu watatu: fundi, mzazi na mwanagenzi. Andikeni mapatano ya mafunzo ya miaka miwili. Kisha msomeeni kila kikundi kingine mapatano yenu.