MAMBO YA AFYA: Kovu Linalokua Halishindwi kwa Wembe

Uvimbe wa mwilini una namna nyingi, wala si kila uvimbe ni saratani. Upo uvimbe ambao hauui mtu wala hausambai kwenda viungo vingine, na hata hivyo humletea mwenyewe taabu na aibu kwa miaka mingi. Mmojawapo ni kovu lisilojua mpaka wake, ambalo madaktari huliita keloidi. Mtu hukatwa kidogo, au huota jipu, au hutobolewa sikio. Jeraha hufunga vizuri, na watu wa nyumbani hushukuru. Kisha, baada ya miezi michache, pengine mwaka mzima, kovu huanza kuinuka. Huwa gumu, hung'aa, huwasha usiku, na hutambaa juu ya ngozi nzima ambayo haikuguswa na kisu. Mwenye kovu hilo hulichukia, na chuki hiyo ndiyo humpeleka kwenye wembe.

Jina la keloidi lilitolewa na daktari Mfaransa, Jean-Louis Alibert, aliyekuwa akitibu wagonjwa wa ngozi mjini Paris. Alilieleza kovu hilo mwaka 1806, na mwanzoni alidhani kwamba lina udugu na saratani. Baadaye alitambua kuwa sivyo, akalibadilisha jina, akachukua neno la Kigiriki lenye maana ya gando la kaa, kwa sababu kovu hilo hunyosha vidole vyake pande zote kama gando. Tangu siku hizo imejulikana kwamba keloidi si saratani. Bali kuitibu ni kazi iliyowashinda waganga wengi.

Yafaa kueleza jinsi inavyotokea. Ngozi inapokatwa, mwili hupeleka mahali pale chembe ambazo kazi yake ni kutengeneza nyuzi za kuziba pengo. Pengo likiisha kuzibwa, chembe hizo hupaswa kupumzika. Katika keloidi hazipumziki. Ni kama mafundi walioitwa kuziba tundu la ukuta, nao wakaendelea kupanga matofali mpaka wakaziba na mlango. Hapa ndipo keloidi inapotofautiana na kovu nene la kawaida. Kovu nene hukaa ndani ya mipaka ya jeraha, na huweza kupungua lenyewe kadiri siku zinavyopita. Keloidi huvuka mipaka, na ni nadra kurudi nyuma bila kutibiwa.

Huwapata zaidi watu wenye asili ya Afrika na ya Asia, hasa vijana wa miaka 10 hadi 30, na mara nyingi hufuata ukoo. Hupenda masikio, kifua, mabega na taya. Zamani watu walidhani kwamba weusi wa ngozi ndio chanzo chake. Lakini utafiti juu ya Waafrika, uliochapishwa mwaka 2015, ulionyesha kwamba watu wenye ualbino hupata keloidi karibu sawasawa na ndugu zao weusi, yaani kama watu 8 katika kila 100. Basi rangi peke yake si jawabu.

Sasa tuje kwenye wembe. Mtu huona keloidi iliyoota sikioni kama zabibu, akafikiri kwamba ikikatwa yote yatakwisha. Hukatwa, na kwa majuma machache sikio hupendeza. Lakini kukata ni kufanya jeraha jipya katika mwili uleule usiojua kuacha kujenga. Imeonekana katika hesabu za madaktari kwamba keloidi iliyokatwa tu, bila tiba nyingine yoyote, hurudi kwa wagonjwa 45 hadi 100 katika kila 100, na mara nyingi ile inayorudi huwa kubwa kuliko ya kwanza. Mwenye zabibu hurudi na embe. Akikatwa mara ya pili na ya tatu, fedha zake zimekwisha na sikio limeharibika.

Kwa hiyo madaktari wamejifunza kutotegemea kisu peke yake. Keloidi ndogo huchomwa sindano ya dawa ndani ya kovu lenyewe, na sindano hiyo hurudiwa kila baada ya majuma kadhaa. Dawa hulainisha kovu na kupunguza mwasho, ingawa huweza kufanya ngozi iwe nyembamba au ipoteze rangi mahali pale. Wengine hutibiwa kwa baridi kali, au hubandikwa utando wa silikoni. Ikilazimu kukata, mgonjwa hufuatishiwa sindano, au mionzi siku ileile au ya pili yake, au huvaa kibanio sikioni kwa miezi mingi. Hapo kurudi kwake hupungua sana.

Katika jambo hili subira ndiyo mizani ya kupima tiba. Keloidi huweza kurudi baada ya miezi mingi. Basi anayemtazama mgonjwa kwa mwezi mmoja na kusema amepona, amesema upesi mno. Tafiti nyingi za zamani zilikosea hapo, na ndiyo sababu wachunguzi hutaka mgonjwa afuatwe mwaka mmoja au zaidi kabla ya tiba kusifiwa. Mgonjwa naye anayeacha kwenda hospitali kwa kuwa kovu limelala, huweza kuliamsha.

Basi yafaa kila nyumba ishike mambo haya. Kwanza, mwenye keloidi, au ambaye wazazi wake wanayo, amwambie daktari kabla ya kupasuliwa kwa sababu yoyote, naye afikiri sana kabla ya kutoboa masikio. Uchunguzi mdogo wa Marekani, uliochapishwa mwaka 2005, ulionyesha kwamba waliotobolewa wakiwa na miaka 11 au zaidi walipata keloidi kwa wingi kuliko waliotobolewa wangali wadogo. Pili, kovu likianza kuinuka lionyeshwe mapema, kwa maana usipoziba ufa utajenga ukuta. Tatu, asikubali mtu yeyote alikate nyumbani, wala alichome kwa dawa kali. Nne, likikatwa hospitalini, kipande kipelekwe maabara kikapimwe, kwa kuwa ziko saratani chache za ngozi zinazofanana na keloidi kwa macho.

Kovu hili haliui, lakini halipendi haraka. Anayelitibu kwa utaratibu, na kurudi kwa daktari kila anapoitwa, ana tumaini jema kuliko yule aliyekatwa mara tatu.