Bledi Butu Haijafa
Wiki hii, katika karakana moja ya samani pale Keko, Dar es Salaam, nilimwona fundi kijana akifungua bledi ya ile mashine ndogo ya umeme inayokata kwa kutikisika kushoto na kulia, maelfu ya mara kwa dakika, akaitupa kwenye ndoo ya taka kwa sababu ilikutana na msumari. "Lete hapa, mwanangu," akasema mzee wa karakana. Akaibana kwenye jiliwa, akachukua tupa ya pembetatu, akapita jino kwa jino, akisukuma mbele tu na kuinyanyua wakati wa kurudi, maana tupa inayoburuzwa kinyumenyume hujimaliza yenyewe. Ubao wa mninga ukakatika tena. Nilipenda sana utulivu wa mikono ile. Meno yaliyolala si meno yaliyong'oka. Ni kweli, bledi yenye meno ya kabaidi haisikii tupa ya kawaida, inataka ya almasi. Na anayekimbilia grinda hadi chuma kikageuka rangi ya buluu ameshakiharibu, kwani joto limekiondolea ugumu. Lakini hizi za chuma cha kawaida, za bei nafuu, zinanoleka vizuri, na tupa moja huhudumia bledi nyingi. Tunawafundisha vijana kuwasha mashine kabla ya kunoa, na kosa hilo ni la wenye karakana, si la vijana. Mwanagenzi apewe tupa siku ya kwanza, mashine baadaye.