Nyumba Yako: Maji Yapandayo Kutoka Chini



Endiinzi, wilayani Isingiro, ni nchi ya ng'ombe na ukame. Wakaaji wake huiomba mvua kuliko wanavyoiogopa, na ndiyo sababu wengi hawaukumbuki unyevu hadi ukuta wa matofali mabichi umeanza kumeguka chini. Hali ni hiyo hiyo katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, yaliyotambuliwa rasmi mwaka 1960, ambako nyumba nyingi ni za udongo.

Paa la bati likiwa zima, mwenye nyumba hudhani yu salama. Lakini udongo hunyonya maji kama utambi unyonyavyo mafuta. Maji hupanda, hulainisha tofali, huvuta mchwa, na huleta ukungu unaodhuru vifua vya watoto na kuharibu mahindi yaliyo maguniani. Askari awapo zamu mbali, mkewe na watoto ndio walalao kando ya ukuta huo.

Kwanza pimeni. Tandazeni kipande cha nailoni sakafuni, mkandamize kingo zake kwa mawe, mkiache siku mbili. Matone yakionekana upande wa chini, maji yatoka ardhini. Yakionekana upande wa juu, ni unyevu wa hewa ya chumbani, na dawa yake ni kufungua madirisha.

Ikiwa yatoka ardhini, fanyeni haya kabla ya mvua za Machi na za Septemba. Sawazisheni udongo uteremke kutoka ukutani, sentimita 5 kwa kila mita 1. Chimbeni mfereji mahali matone ya paa yaangukiapo, nao uyapeleke maji mbali yasituame, maana maji yaliyotuama huzaa mbu. Ondoeni rundo la taka au udongo lililoegemea ukuta. Magunia na vitanda viinuliwe, visiguse sakafu wala ukuta. Ajengaye upya aweke msingi wa mawe, na nailoni nzito juu yake kabla ya tofali la kwanza.

Aliye na nyumba ya mbao iliyoinuliwa juu ya nguzo, asiizibe nafasi iliyo chini ya sakafu kwa kuni na makorokoro. Aiache hewa ipite, na ardhi ya hapo aifunike kwa nailoni.

Wengi hukimbilia kupiga lipu ya saruji juu ya ukuta wa udongo. Saruji huyafungia maji ndani, na ukuta hulainika kimyakimya nyuma ya lipu nzuri. Afadhali udongo uliochanganywa na mchanga, au chokaa, kama mafundi wa Lamu na Unguja walivyozoea tangu kale, ili ukuta upate kupumua.

Mfereji wahitaji jembe na siku moja ya mapumziko. Ukuta ulioanguka wahitaji fedha, matofali na msimu mzima wa kiangazi. Wahenga walikwisha kutuonya: usipoziba ufa, utajenga ukuta.