Asch hakusema watu ni kondoo

Jaribio la mwanasaikolojia Solomon Asch la miaka ya 1950 mara nyingi husimuliwa nusu. Ni kweli, katika kulinganisha urefu wa mistari, washiriki walifuata jibu la uongo la kundi kwa takriban theluthi moja ya maswali ya mtego, yaani yale ambayo kundi lilipangwa kukosea. Basi theluthi mbili za majibu zilibaki sahihi! Tena, alipopatikana mtu mmoja tu kundini wa kusema kweli, makosa yalipungua sana. Mshiriki alipoandika jibu faraghani, vivyo hivyo. Na washiriki wote walikuwa vijana wa kiume wa vyuo vya Marekani, si binadamu wote. Kwa kuwa jibu la faragha hupunguza shinikizo la kundi, kwenye vikao vyenu pigeni kura ya siri, msinyooshe mikono.