Wimbo wa Kunawa Mikono Tumeshaujua

Vijana wenzangu wa Dzaleka, na nyinyi wa mashirika mnaosomaga hapa kimya kimya bila kuacha hata laiki moja, leo naandika na hasira. Mnivumilie.

Tarehe 20 Juni, Siku ya Wakimbizi, mnaijua ratiba yake. Mwaliko unasema saa tatu asubuhi. Viti vya wageni vinafika saa nne, wageni wenyewe saa tano. Hotuba, mkalimani. Hotuba nyingine, mkalimani tena. Watoto wa shule wako juani toka asubuhi wakingojea shairi lao. Ikifika saa nane mshereheshaji anasema muda umetutupa mkono, kwa hiyo wasanii watapanda wimbo mmoja mmoja, dakika tatu, na kila mtu ampe DJ flashi yake. Flashi! Yaani vijana wamefanya mazoezi wiki sita na gitaa, besi na ngoma, halafu siku yenyewe wanasimama mbele ya watu kufungua mdomo juu ya sauti iliyorekodiwa. Ati kufunga vyombo kunachelewesha. Hotuba hazichelewashi.

Na kabla ya siku hiyo kuna kamati. Kamati inasikiliza nyimbo zote na kuuliza swali moja tu: ujumbe wake ni nini?

Nalijua hilo swali juu mimi mwenyewe ndiye niliyekuwa naliuliza. Nilikaa kwenye kamati ya namna hiyo miaka miwili, kadi shingoni, kalamu mkononi, najiona mtu. Rafiki yangu mpiga solo, tumekua pamoja hapa, akaleta wimbo wake. Wa mapenzi tu. Msichana alipata safari ya Kanada na familia yake, akamwacha yeye kwenye foleni ya maji. Dakika saba. Mwanzo ni polepole, analalamika, anataja hadi rangi ya ndoo. Halafu sebene inafunguka na unasahau kama kuna mtu alikuwa analia. Niliupenda sana ule wimbo. Na nilimwambia nini? Nilimwambia, "Kaka, ongeza ubeti mmoja wa kipindupindu, halafu hiyo sebene ukate, muda hautoshi."

Akaongeza. Akakata. Akapewa soda na tisheti. Toka siku ile hajatunga wimbo mwingine, na nikimuuliza anacheka tu, anasema, "Wewe si ndiye mwenye ujumbe?"

Sasa msije mkasema napinga usafi. Mwaka 2022 na 2023 kipindupindu kiliua watu zaidi ya 1,700 Malawi nzima, mlipuko mbaya kuliko yote nchi hii iliyowahi kuona. Mimi nilipita mlango kwa mlango na megafoni nikisema klorini, choo, maji ya kuchemsha, hadi koo likakauka. Kesho wakiniita tena naenda. Lakini kwa kazi hiyo nilipewa megafoni. Gitaa la rafiki yangu lilikuwa na kazi yake nyingine, na mimi nililinyang'anya.

Kazi gani? Nitawaeleza kwa mama yangu.

Mama alitoka Uvira na sisi watoto watatu. Ziwa, Kigoma, mabasi hadi Mbeya, Karonga, halafu hapa. Alihojiwa mara nyingi sana. Kuna dada mmoja wa ushauri nasaha, mtu mzuri kweli, alikuwa anakuja nyumbani na daftari. Mama anampa kiti, anampa chai kama ipo, anajibu ndiyo na hapana. Basi. Sisi watoto wenyewe tulikuwa hatujui kitu.

Halafu Tamasha la Tumaini likaanza hapa Dzaleka, mwaka 2014. Aliyelianzisha ni Menes La Plume, mshairi na mwanamuziki Mkongo, mkimbizi kama sisi. Wasanii wa Malawi wanapanda jukwaa moja na wasanii wa kambini, na wageni wengine wanalala ndani ya nyumba zetu, wanakula tunachokula. Katika moja ya miaka ile ya mwanzo nilimvuta mama twende. Alikuja na mfuko wake wa mboga, juu alisema hatakaa. Kikundi kimoja kikapiga rumba ya zamani, laivu, na jenereta inanguruma nyuma. Mama akasimama. Akasikiliza. Nikadhani sasa atalia. Mama akasema, "Huyo wa besi anakimbia. Mjomba wako asingekimbia hivyo."

Mjomba gani? Ndiyo usiku ule nilijua kwamba nilikuwa na mjomba aliyepiga besi Uvira, kwenye harusi na kwenye baa za kando ya ziwa, na jina lake, na jinsi alivyopotea. Aliongea njia nzima mpaka nyumbani, na nyumbani akaendelea. Mboga zililala kwenye mfuko. Na kabla ya kuondoka pale uwanjani alicheza, hatua chache tu, mfuko mkononi. Sikuwahi kumwona akicheza.

Ule wimbo haukuwa na ujumbe hata mmoja ambao kamati yangu ingeuandika kwenye fomu.

Ndugu wa mashirika, mimi nadhani mnaogopa kitu. Mnaogopa picha ya mkimbizi anayecheza. Mfadhili ataiona atasema, kumbe hawa wameshiba. Kwa hiyo tukitaka kucheza lazima tucheze juu ya kitu: juu ya amani, juu ya malaria, juu ya ndoa za utotoni. Hata mgao ukipunguzwa, tunaimba asante.

Tena mnasahau muziki wetu umetoka wapi. Rumba ya Kongo iliingizwa na UNESCO kwenye orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu Desemba 2021. UNESCO si ni Umoja wa Mataifa hao hao wenye turubai juu ya vichwa vyetu? Samba Mapangala, mzaliwa wa Matadi, alipitia Kampala akafika Nairobi mwaka 1977, na bendi yake akaiita Virunga, jina la milima ya moto ya kwetu. Remmy Ongala, mzaliwa wa Kindu, aliingia Dar es Salaam mwaka 1978. Hawa walivuka mipaka na sauti zao, na Afrika Mashariki nzima ikacheza.

Najua mtanijibu: lakini Franco aliimba juu ya ukimwi! Ndiyo, aliimba. "Attention Na SIDA", mwaka 1987, miaka miwili kabla hajafariki. Na Remmy aliimba "Mambo kwa Soksi", juu ya kondomu, Radio Tanzania ikakataa kuupiga. Asanteni kwa kunikumbusha. Franco alijisikia kuonya watu akawaonya, kwa zaidi ya dakika 10, na bendi nzima nyuma yake. Angekuja kwenye kamati yetu tungemwambia alete flashi. Remmy naye alisema jambo ambalo wakubwa hawakutaka lisemwe redioni. Vijana wetu wanasema lile ambalo wakubwa wameshaliandika kwenye bango. Hamwoni tofauti hapo?

Kuna na wazee wetu wengine, hawa siwezi kuwaacha. Wanasema mnachezaje wakati nyumbani kunaungua. Mzee wangu, shikamoo, nakuheshimu. Mimi pia naamka usiku naangalia simu nijue Uvira imelalaje. Ila wewe mwenyewe kwenye msiba hapa kambini unakesha na kwaya mpaka asubuhi, na kibodi, na spika mbili, na hakuna anayekuuliza. Kanisani ndiyo mahali pekee kijana wa hapa anaweza kushika besi ya kweli. Mungu awabariki, wametufundisha wengi. Lakini mpiga solo mwenye wimbo wa msichana wa Kanada aupeleke wapi? Kwaya haimtaki, kamati inamtaka akiwa na klorini.

Na msiseme twende mjini. Lilongwe ni kilomita arobaini na kitu, bendi zinapiga huko wikendi. Tangu serikali ilipoamuru mwaka 2023 wakimbizi waliokuwa mijini warudishwe kambini, nani kati yetu ataenda kusimama mlango wa ukumbi saa nne usiku na kadi ya mkimbizi mfukoni? Kambi hii ilitengewa watu kama 10,000, leo tuko zaidi ya 50,000. Tamasha la Tumaini ni mara moja kwa mwaka. Siku nyingine zote tunasikiliza simu ya mtu, spika imepasuka, betri asilimia nane.

Mimi kwenye kamati nimetoka. Kadi nilirudisha. Kiongozi aliniuliza kama nimepata kazi sehemu nyingine, nikasema hapana, akanishangaa.

Ninachoomba ni saa mbili. Tarehe 20 Juni ijayo, wageni wakishaondoka na magari yao, msizime jenereta. Mafuta ya saa mbili tu. Spika ziachwe pale pale zilipo, viti mkitaka bebeni. Vyombo tutafunga wenyewe asubuhi na mapema, hatutagusa ratiba ya hotuba. Hakuna fomu, hakuna mada, na hakuna dakika tatu. Atakayetaka kuimba juu ya kipindupindu aimbe, na sebene yake yote.

Rafiki yangu nimeshamwambia. Hajakubali, hajakataa. Amesema gitaa lina nyuzi nne. Mwenye nyuzi mbili za gitaa, ya kwanza na ya tatu, aniandikie hapa chini.