Kijana na Gari la Mbio

Bi mmoja wa kwetu Mombasa, akaaye Buruburu, alinijia baada ya sala ya Ijumaa. Mwanawe amedunduliza miaka mitatu, sasa ataka Golf GTI lililokwisha kutumika, si kwa kazi bali kwa raha ya kuendesha. Alitaka niseme ni haramu. Sikuthubutu, dada yangu. Hofu ya mzazi haiharamishi kilicho halali.

Kijana nilimwambia hivi: injini ya tabo, ile isukumiwayo hewa kwa nguvu, huficha maradhi. Iwashwe ingali baridi, utazame moshi wa samawati, na fundi awe wako, si wa muuzaji. Omba rekodi za NTSA, usije ukanunua gari na deni la mtu. Muuzaji yampasa ataje kila aibu aijuayo. Ikidhihiri aibu ya kale, una hiari ya kulirudisha. Na usikope kwa riba.

Ama kulikimbiza Outering Road, wavukapo watoto wa shule, hapo sina upole.

Jumamosi tutakwenda kulitazama pamoja, inshaallah. Nimemsihi asitangulize hata arubuni: ile isiyorejeshwa, sisi Mashafii hatuipitishi.